Mwalimu aliyehamia mstari wa besi

Jumamosi jioni, mazoezi ya kwaya. Feni ya upande wa kulia haijazunguka tangu Krismasi, kwa hiyo madirisha yote yalikuwa wazi, na kelele za bodaboda zilikuwa zinaingia pamoja na upepo wa bahari. Tulikuwa tunajifunza wimbo wa sikukuu ya mavuno. Ukurasa wa pili besi wanaingia peke yao, sauti nyingine tatu zimenyamaza, na hapo ndipo tulipokuwa tunaharibikiwa kila mara.

Mwalimu wa kwaya aliinua mkono, tukanyamaza. Ni binti ambaye hajafika miaka 30, amesoma muziki hapahapa Bagamoyo, katika chuo cha sanaa cha TaSUBa. Akasogea hadi mstari wa nyuma, akasimama mbele ya mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akasema kwa adabu, lakini wote tukisikia:

"Baba, besi mmechelewa kuingia. Na wewe ndiye wanayekufuata."

Mzee huyo ndiye aliyemfundisha kusoma nota binti akiwa bado shule ya msingi. Ndiye aliyeiongoza kwaya yetu kwa zaidi ya miaka 30. Hata karatasi tulizoshika mikononi alizinakili yeye, kwa ule mwandiko wake wa kulala upande mmoja, kila nota, "d" na "r" na "m", imesimama mahali pake.

Kanisa likatulia.

"Kweli, mwalimu," akasema. "Tuanze tena."

Mkono wake ukaingia mfuko wa shati, ukatoka mtupu. Kile chuma kidogo cha kutolea sauti, alichozoea kukigonga gotini kabla ya kila wimbo, alikwisha kumkabidhi binti. Tukaanza tena. Besi wakaingia kwa wakati wake.

## Swali nililoondoka nalo

Jambo lenyewe lilichukua nusu dakika, na sidhani kama wanakwaya wengi walilitilia maanani. Mimi lilinikaa. Wiki zikapita, na kila nikipiga magoti namwona yule mzee anamwita mwanafunzi wake "mwalimu" bila kumung'unya neno.

Anayeyajua makanisa yetu anajua kwa nini. Kwetu mtu akishika uenyekiti wa kamati, ataushika hadi mgongo upinde. Mweka hazina akiondolewa, daftari la hesabu linaondoka naye. Mwalimu wa kwaya akiondolewa anaondoka na nusu ya sopurano, na baada ya miezi michache unasikia wana kikundi chao na wamekwisha kurekodi. Tumeona sharika zikigawanyika kwa sababu ya nani ashike kipaza sauti. Na kila upande unasema ni Mungu aliyewaongoza.

Kwa hiyo nikawa najiuliza: huyu mzee amejisalimisha kwa Mungu, au ameshindwa na watu akakosa pa kwenda?

Kwa nje mambo hayo mawili yanafanana kabisa. Mtu ameketi nyuma, ametulia, anafuata anachoambiwa. Tofauti yake haionekani kwa macho, na mimi nilikuwa naihitaji. Familia yetu ilikuwa na jambo mezani, na mimi kifungua mimba ndiye niliyekuwa naombwa niachie. Nitalieleza mbele.

## Barazani kwake

Nilimfuata nyumbani kwake, Magomeni ya hapa Bagamoyo. Nilimkuta barazani na mkewe, ungo wa choroko upo katikati yao, wanachambua.

"Shikamoo, Baba Mwalimu. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, vuta kigoda."

Nilizungukazunguka kidogo, habari za watoto, habari za mvua. Halafu nikauliza.

"Baba, siku ile ulipoambiwa umechelewa kuingia, hukuumia?"

"Niliumia," akasema. "Nilikuwa nimechelewa kweli, na niliumia vilevile."

Akanisimulia. Miaka mingi alikuwa anamwomba Mungu ampe mtu wa kumrithi, na jina alikuwa nalo tayari: kijana mmoja wa sauti ya tena, mtaratibu, mwenye sikio, aliyeiongoza kwaya sawasawa na yeye hadi namna ya kuinua kidevu. Alimwombea kwa jina. Kijana akapata kazi Mwanza, akaenda zake. Kisha Jumapili moja, kwenye matangazo, katikati ya ratiba ya ubatizo na mchango wa vigae, akasikia kwamba baraza la wazee limemteua binti, na kwamba usharika unamshukuru yeye kwa utumishi wake.

Hakuna aliyekuwa amemwambia kabla.

Alirudi nyumbani, akavua tai, akalala bila kula. Jumapili zilizofuata alisali ibada ya kwanza, ile ambayo kwaya yetu haiimbi. Aliomba sana siku hizo. Aliniambia kwamba ukiyatazama vizuri, maombi yale yote yalikuwa ya kumkumbusha Mungu ile miaka 30.

"Nikamwuliza tu," mkewe akasema, macho yake yakiwa kwenye ungo. "Nilisema, baba, wewe uliomba kwaya ipate mwalimu, au uliomba ipate wewe mwingine?"

Mzee hakumjibu siku hiyo. Hakumjibu wiki ile.

Nilitegemea kwamba sasa ataniambia amani ikamshukia, machozi yakamtoka, mzigo ukaanguka. Tumezizoea shuhuda za namna hiyo. Yeye alisema Jumamosi ya kwanza aliyorudi mazoezini alirudi na hasira zake.

"Nilimwambia Mungu, moyo haujakubali. Lakini miguu hii hapa, ichukue."

Moyo ulikuja baadaye, akasema, na hakumbuki ni siku gani.

## Miguu kwanza

Maneno hayo nilitembea nayo kutoka Magomeni hadi kwangu.

Sisi tumefundishwa kuingojea amani. "Sina amani na jambo hili," mtu akisema hivyo kwenye kikao cha jumuiya, mjadala umefungwa, maana nani atabishana na amani ya moyoni? Ni kweli Roho wa Mungu humtahadharisha mtu, na mimi mwenyewe nimewahi kuonywa hivyo nikaokoka na mengi. Lakini kuna kukosa amani kwingine ambako ni kiburi kinalia kwa sababu kimenyimwa kiti chake, na kilio hicho kina sauti ya kiroho sana.

Utavitofautisha vipi? Nimelifikiria hili kwa muda mrefu, na jibu pekee nililopata ni lile la Bwana mwenyewe katika Mathayo 21. Baba ana wana wawili. Anamwambia wa kwanza aende shambani, naye anasema hataki, kisha anajuta, anakwenda. Wa pili anaitika vizuri, na haendi. Yesu anauliza ni yupi aliyefanya mapenzi ya baba yake. Hamuulizi yeyote alijisikiaje. Yule wa kwanza hata hatuambiwi kama alifika shambani anatabasamu.

Mzee wetu alifika shambani amenuna. Alifika.

## Nathani alirudi

Kuna sura moja ya Biblia ambayo naamini hatuihubiri vya kutosha, 2 Samweli 7. Daudi amestarehe nyumbani mwake, amezungukwa na mwerezi, anaona si haki sanduku la Mungu kukaa ndani ya mapazia. Anataka kumjengea Mungu nyumba. Ni wazo zuri kabisa! Hakuna dhambi ndani yake, hakuna tamaa. Anamshirikisha nabii Nathani, na nabii anamwambia afanye yote yaliyo moyoni mwake, kwa kuwa Bwana yu pamoja naye.

Usiku uleule neno la Mungu likamjia Nathani: mwambie siyo yeye.

Nampenda sana Nathani wa asubuhi ile. Amekwisha kumbariki mfalme kwa jina la Bwana. Heshima yake yote kama nabii imo katika kile alichokisema jana. Sasa inambidi avae viatu, arudi ikulu, aseme Mungu amesema vingine. Ni watumishi wangapi wa leo wangerudi? Tunao wanaotabiri juu ya ndoa, safari na uchaguzi, na mambo yakigeuka wanatafuta kosa kwenye imani ya aliyetabiriwa. Nathani alirudi. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha mtu anayeongozwa: anaweza kurudi kwa watu walewale akaondoa neno lake.

Na Daudi naye. Mfalme mwenye jeshi, anaambiwa wazo lake bora kuliko yote aliachie, litatimizwa na mwanawe. Maandiko yanasema aliingia, akaketi mbele za Bwana. Akaomba sala ndefu ya shukrani, na humo ndani hakuna hata mstari mmoja wa kubembeleza uamuzi ubadilishwe. Kisha ukienda 1 Mambo ya Nyakati 22 unamkuta anakusanya vifaa: chuma cha misumari, shaba isiyopimika, mierezi, mawe yaliyochongwa, dhahabu na fedha. Anaandaa nyumba ambayo hataiona ikisimama, itakayoitwa kwa jina la mwingine hadi leo.

Niliposoma hapo nilizikumbuka zile karatasi za nota. Binti alipoanza kazi, mzee alimpelekea sanduku zima la nyimbo alizozinakili, zimepangwa kwa majira ya kanisa, Majilio hadi Utatu.

## Kijakazi wa nyumba ya Naamani

Hapa Bagamoyo huwezi kusoma 2 Wafalme 5 kama watu wa miji mingine wanavyoisoma. Naamani ni jemadari, ana ukoma. Na ndani ya nyumba yake kuna kijakazi mdogo aliyetekwa kutoka nchi ya Israeli, anamtumikia mke wa Naamani. Biblia haitupi hata jina lake. Mimi nikipita Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara, au nikiwa Misheni ambako watoto waliokombolewa utumwani walilelewa baada ya wamisionari wa Roho Mtakatifu kufika hapa mwaka 1868, namwona huyo mtoto waziwazi. Ametolewa kwao kwa nguvu. Hana lolote katika nyumba ile, hata mwili wake si wake.

Na uongozi wa Mungu kwa jemadari ulipita kinywani mwake.

Sehemu inayofuata tunaijua: farasi, magari, fedha, barua ya mfalme, na Elisha asiyetoka hata mlangoni, anamtuma mjumbe amwambie akajichovye Yordani mara saba. Naamani anakasirika, kwa sababu kichwani mwake alikuwa amekwisha kupanga jinsi Mungu atakavyomponya. Nabii angetoka, angesimama, angeliita jina la Mungu wake, angepitisha mkono. Mito ya kwao Dameski ilikuwa bora zaidi. Na wanaomrudisha ni watumishi wake tena, wanaomwita baba, wanaomwuliza kwa upole: ungeambiwa jambo kubwa, usingelifanya?

Swali hilo linanichoma. Jambo kubwa tungelifanya. Tungefunga siku 40. Tungetoa kiwanja. Kulala kanisani mkesha mzima, kusafiri kwenda kwenye mkutano mkubwa wa injili, hayo yote tunayaweza, na mengine tunayafurahia, maana yana ukubwa unaotufaa. Kinachotushinda ni kumsikiliza mtu mdogo. Kuambiwa na mke wakati wa kuchambua choroko. Kurekebishwa na binti uliyemfundisha.

Sasa naamini hapa ndipo kiburi kinapojulikana. Mbele za Mungu, macho yamefumbwa, kila mtu ni mnyenyekevu. Tunajiita mavumbi, tunajiita wadudu, na tunamaanisha. Haitugharimu kitu. Gharama inakuja pale Mungu anapoitumia sauti ambayo tumezoea kuiamuru.

## Ramani iliyokosewa

Siku moja ya wiki hizo nilikwenda Misheni, nikapita chini ya miembe hadi kwenye makaburi ya wamisionari, wengi wao walikufa vijana kwa homa. Kisha nikasimama karibu na mnara wa kanisa la zamani, ambako mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, uliwekwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa London.

Watalii huja kwa ajili ya hadithi ya safari. Mimi nilikuwa nawaza jambo lingine. Mtu yule alikutwa amekufa mwanzoni mwa Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, amepiga magoti kando ya kitanda chake, katika mkao wa sala. Na alikufa akiamini kwamba Mto Lualaba ndio chanzo cha Naili. Miaka yake ya mwisho aliimalizia hapo, katika matope na kuharisha damu, akikitafuta. Mwaka 1877 mpelelezi Stanley aliufuata mto huo hadi ukamtoa Bahari ya Atlantiki. Ulikuwa Kongo.

Mtu anaweza kusali hadi pumzi ya mwisho na ramani yake ikawa na kosa. Hilo lilinitisha kwanza. Nilitaka kuamini kwamba nikinyenyekea vya kutosha Mungu atanionyesha njia yote, mstari kwa mstari, nisikosee tena.

Lakini safari ileile iliyoelekea mto usio wenyewe ndiyo iliyompitisha Nyangwe, kando ya huohuo Lualaba, Julai 1871, siku wafanyabiashara ya watumwa walipowaua watu kwa mamia sokoni. Aliyaandika aliyoyaona. Maandishi yake yakafika Uingereza mwaka uliofuata, yakawasha hasira, na Juni 1873, mwezi mmoja baada ya kifo chake, Sultani Barghash wa Zanzibar akatia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Yeye hakujua. Alichokuwa anakitafuta hakukipata, na kilichopatikana hakikuwa mikononi mwake kabisa.

"Mtumaini BWANA kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe," inasema Mithali 3. Nilikuwa naisoma kama ahadi kwamba akili zangu zitarekebishwa. Pale chini ya mnara niliisoma kama ruhusa ya kwenda nikiwa sijui.

## Wanaotuambia tunyenyekee

Sasa lile linaloniuma zaidi, na nisingekuwa mkweli nikiliruka.

Neno hili la unyenyekevu limetumika vibaya makanisani mwetu. Mama anayeuliza fedha za vigae zimekwenda wapi anaambiwa anyenyekee. Msichana anayesema kiongozi fulani ana mikono isiyotulia anaambiwa asimguse mpakwa mafuta. Mke anayepigwa anaambiwa arudi, avumilie, ajishushe, Mungu atamwinua. Watu wanaosema hivyo wanajiweka mahali pa Mungu, na wanaotakiwa kujishusha ni wao.

Nilimwuliza mzee swali hili pia. Nilimwambia, baba, walivyokufanyia haikuwa sawa.

"Haikuwa sawa," akakubali mara moja. "Nilikwenda ofisini kwa mchungaji, tukafunga mlango, nikamwambia. Nikamwambia mtu aliyetumika miaka 30 hasikii habari zake kwenye matangazo. Akasikia. Akaniomba radhi."

"Halafu?"

"Halafu kwaya nikaiacha kwa binti. Hayo ni mambo mawili, mwanangu."

Hapo ndipo fundo langu lilipofunguka. Nilikuwa nadhani mtu ana njia mbili tu, apiganie nafasi yake au anyamaze. Mzee alisema ukweli wake wote, kwa mtu aliyehusika, uso kwa uso kama Mathayo 18 inavyoagiza, na baada ya kuusema hakuutumia kama rehani ya kurudishiwa kiti. Mtu aliyeshindwa hasemi hivyo. Yeye hunyamaza, na chuki anaiweka akiba.

Bwana wetu mwenyewe, aliyenyenyekea hadi mauti, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu alijibu: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Kisha akaendelea na njia ya msalaba. Paulo alikataa kutolewa gerezani Filipi kwa siri. Alitaka wakubwa waje wenyewe wamtoe, kwa kuwa walimpiga hadharani bila hukumu. Na Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao, walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, na mwili wake, wakakutana na Luteni Cameron wa jeshi la majini la Uingereza aliyewashauri wauzike palepale, hawakukubali. Walikuwa watumishi, na yeye ofisa wa taifa kubwa. Wakambeba bwana wao hadi pwani hii. Huko London, Aprili 1874, Chuma na Susi hawakuwapo mazishini. Ni mwenzao Jacob Wainwright aliyesafiri na jeneza. Wao kazi yao ilikuwa imefika mwisho ufukweni.

## Jambo letu la familia

Mama yetu ameishiwa nguvu za kuishi peke yake. Anakaa Korogwe. Mimi ndiye mkubwa, ndiye niliyesomesha wadogo zangu wawili, na tangu baba afariki hakuna jambo la familia lililopita bila mimi. Kwa hiyo nilijenga chumba kwangu. Nikaweka choo cha ndani, vishikio ukutani, sakafu isiyoteleza. Kwa fundi nikaagiza kitanda cha mninga, cha kimo ambacho mama anaweza kukaa miguu ikafika chini. Nikaomba kwa muda mrefu Mungu amlete mama kwangu.

Aliyesema vingine ni wifi yangu, mke wa mdogo wetu wa mwisho, mdogo kuliko wote mezani. Kwenye kikao cha familia tulichofanya kwa simu alisubiri kaka wote wamalize, kisha akasema:

"Dada, samahani. Mama hataki kuondoka Korogwe, ila anaogopa kukuambia. Anasema Bagamoyo atakuwa mgeni hadi afe. Sisi tuko hapa, tutamchukua."

Nilikaa kimya hadi wakadhani mtandao umekatika.

Kilichoniuma kilikuwa na majina mengi mazuri: wajibu wa kifungua mimba, upendo kwa mama, fedha ya chumba. Na maombi. Nilikuwa nimeomba! Lakini kuna kuomba kwa namna ya mtu aliyekwenda ofisi ya serikali ya mtaa na barua iliyokwisha kuandikwa, kinachotakiwa ni muhuri tu. Katika maombi yangu yote ya chumba kile hapakuwa na nafasi ambayo Mungu angeweza kusema Korogwe.

Wakati huohuo sikutaka kujifanya sina haja. Gethsemane, Yesu hakuanza na kukubali. Alianza na kile alichokitaka: "Baba, ikiwa ni mapenzi yako, uniondolee kikombe hiki, walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke." Haja yake imetajwa wazi, ikawekwa mbele ya Baba, ikaachwa hapo. Nami nikampigia mama. Nikamwambia nilivyotamani aje, nikamweleza chumba, nikamwambia kwamba nimeumia kusikia kupitia kwa mtu mwingine. Akanisikiliza.

"Mwanangu," akasema, "najua. Lakini Alhamisi wenzangu wa maombi wakinikosa, wanakuja kunigongea. Huko kwako nani atanigongea?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia akae.

Sitasema nina furaha. Baadhi ya asubuhi napita kwenye mlango wa chumba kile, moyo unagoma kabisa, na nanong'ona sala ya mzee wetu, ile ya miguu. Wifi ana miaka 27 na ana mtoto mchanga. Nina mambo chungu nzima ya kumwelekeza kuhusu presha ya mama, na mengi nayameza, kwa sababu amekwisha kuyajua kuliko mimi. Nikimpigia sasa naanza kwa kuuliza.

Jana tulizungumza habari za kitanda. Nimepata gari la mzigo litakalopita Msata hadi Segera na kuingia Korogwe Jumamosi. Wifi alipima mlango wa chumba chake, ni mwembamba, kwa hiyo fundi atakuja Ijumaa akifungue kitanda vipandevipande, na misumari yake ataifunga kwenye mfuko. Vishikio vya ukutani navyo vinang'olewa. Nilimwambia kitanda akiweke kichwa upande wa mlango, ili usiku mama asikike akiita. Akasema mama amekwisha kuchagua, anataka dirishani, anapoona watu wanaokwenda kanisani.

Nikamwambia sawa, aweke dirishani.